Futi Mia Moja za Mgodi wa Hester

Hester, Michigan
22 Januari 1961

Kaarlo mwanangu,

Barua yako imefika Jumanne. Mimi mzima, mgongo tu. Baridi ya mwaka huu imepita kiasi, tunavunja barafu kwenye reli kwa nyundo, vidole havifunguki mpaka saa nne. Mama yako mzima, kikohozi kimemwisha. Juzi kanipa mkate wa iliki, kaniambia huandiki.

Swali lako nimelisoma. Unasema chama chenu cha wanafunzi wa uhandisi, huo Undugu wa Timazi, kinafikisha miaka hamsini mwezi wa kumi, na wewe ndiye uliyechaguliwa kukiandikia kitabu cha historia. Hongera. Baba yako angefurahi, au angecheka, sijui. Unasema umekuta jina langu kwenye daftari lao la upimaji, kiangazi cha 1942, Mgodi wa Hester. Unataka nikueleze ilikuwaje.

Sina la kueleza. Vijana watano walikuja na darubini ya kupimia na kofia mpya. Kampuni ikawapa kibarua mmoja wa kuwashikia tepe. Kibarua huyo ni mimi. Wakapima, wakaondoka. Basi.

Andika habari za wakubwa wenu. Wapo wengi.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Urho Saarela


Nyumba ya Timazi, Chuo cha Migodi
9 Februari 1961

Baba mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi. Nimemwandikia mama, usinigombeze tena. Mgongo upake ile dawa ya farasi, najua unayo na najua huipaki. Huku wazima, mitihani tu, na kijana tunayekaa naye chumba kimoja anapiga kinanda cha mkono mpaka majirani wanatupia theluji dirishani.

Naomba usinifungie mlango. Wacha nikueleze kwa nini nauliza. Kwetu mtu akiingia chama anapewa darubini na tepe, anapima mzunguko. Anaanzia kwenye msumari wa shaba mlangoni kwetu, anazunguka mji, anarudi kwenye msumari uleule. Hesabu ikimrudisha palepale, amefunga. Haimrudishi kamwe. Kila mtu anabaki na pengo, nusu futi, futi moja. Basi kaka yake wa chama anakaa naye mezani, wanaligawa lile pengo, kidogo kituo hiki, kidogo kituo kile, mpaka linakwisha. Halafu wanashikana mikono. Ndiyo sherehe yenyewe. Tunasema, ndugu hamwachii ndugu pengo. Mimi mwenzangu aliponifungia nililia, nikasema ni moshi.

Sasa wakubwa wanasema Hester ndiyo fahari yetu. Mara ya kwanza ramani ya wanafunzi kutumika kwenye mgodi wa kweli. Loring Pruett aliyewaongoza siku zile sasa ni mwenyekiti wa wanachama wa zamani, na kitabu kiko mikononi mwake. Anataka sura nzima ya Hester. Ananipenda. Nikimaliza chuo ananichukua kwenye mgodi wake wa shaba, Arizona.

Wengine waliokuwa chini na Pruett wamekufa vitani. Umebaki wewe.

Habari za baba sikuulizi. Najua hupendi.

Mwanao,
Kaarlo


Hester
26 Machi 1961

Kaarlo,

Barafu inayeyuka, njia yote matope. Mbweha kachukua kuku wawili wa mama yako. Kamfukuza kwa mwiko. Bomba la moshi la sauna yake, hilo bafu la mvuke, lilikuwa limeziba, kapanda kulizibua mwenyewe, mimi nikashika ngazi.

Barua yako nimekaa nayo mwezi na nusu. Niliiweka chini ya saa. Kila nikitazama saa naiona.

Hilo neno lenu la pengo nililisikia kwa masikio yangu. Unataka historia, haya.

Ngazi ya tatu ya Hester, yaani njia za kina cha tatu chini ya ardhi, ilikuwa imekwisha chuma. Kampuni inataka kuzima pampu, ijae maji. Lakini kwanza ipimwe, wachimbaji wa kesho wajue maji yanaishia wapi. Wapimaji wa Kampuni wako vitani. Ndipo wakaletwa hao watoto wa Timazi. Pruett ndiye mkubwa wao, miaka ishirini na moja.

Tukaanzia msumarini kando ya shimo, tukaenda njia ya kusini, tukarudi ya kaskazini, mpaka msumarini. Siku tatu. Siku ya nne asubuhi wako banda la magogo wanapiga hesabu. Haikurudi. Kulikuwa na mmoja mfupi, kasema, "Loring, hili si pengo, hili shimo. Turudi chini tupime tena."

Pruett kamwambia, "Unaogopa kulowa magoti, bibi harusi? Pampu zinazimwa saa sita. Lete penseli. Ndugu hamwachii ndugu pengo."

Wakaligawa. Futi nane hapa, futi nane pale. Vicheko. Wakafunga.

Pengo la nusu futi unagawa, hakuna wa kukulaumu. Pengo kubwa hugawi. Unarudi ulikotoka, unatafuta ulipokosea. Hata mimi niliyeishia darasa la nne najua.

Ile ramani ikakaa kabatini kwa Kampuni. Machi 1944 baba yako na wenzake sita wanachimba njia mpya, wanaelekea kwenye yale maji. Ramani inasema mbele yao kuna mwamba futi tisini. Wakapiga baruti. Zilikuwa futi kumi na moja. Maji yakavunja, yakawachukua wote saba. Yaliyobaki unayajua. Ulikuwa na miaka mitatu.

Chama chako ndicho kilichomuua Vilho. Haya, kiandikie kitabu.

Mama yako anajua ni maji tu yaliyomuua. Abaki hivyohivyo.

Urho


Chuo cha Migodi
3 Mei 1961

Baba mkubwa,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaenda nikalitoa lile daftari la 1942 kabatini, nikapiga hesabu upya, kutoka namba walizoandika chini mgodini, si zile za bandani. Nimerudia mara nne. Umesema kweli. Pruett aliligawa. Penseli yake bado inaonekana pembeni, futi nane, futi nane, futi nane.

Lakini kuna jambo hukuniambia. Pengo ni futi mia moja na inchi mbili. Lote limelala upande mmoja, njia ya kaskazini.

Wewe unajua kazi hii kuliko walimu wangu. Mwanafunzi akikosea anakosea kidogo kidogo, kushoto, kulia, pengo linakaa popote. Futi mia, upande mmoja, hiyo ni tepe moja nzima iliyosahauliwa. Na tepe zinahesabiwa kwa vile vijiti vya chuma. Wa mbele anachomeka, wa nyuma anaokota. Mwisho wa njia wa nyuma anataja kaokota vingapi, na mwandishi anaandika.

Daftari linasema: mbele, Pruett. Nyuma, U. Saarela. Vijiti saba.

Nakuuliza moja tu. Uliokota vingapi?

Kaarlo


Chuo cha Migodi
18 Juni 1961

Baba mkubwa,

Sijapata jibu. Mama anasema uko mzima, unakwenda kazini, Jumamosi unampasulia kuni kama kawaida. Kwa hiyo barua ilifika.

Pruett alikuja chuoni kwa chakula cha mwisho wa mwaka. Nikamuuliza kuhusu Hester, nikajifanya sijui kitu. Akacheka, kwanza akajipangusa supu. "Tulikuwa na Mfini mmoja anashika mkia wa tepe," kasema. "Mkimya kama gogo. Ukimsalimia anafikiri unamkopa." Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, baba mkubwa. Hakukumbuka jina la yule Mfini. Mimi jina langu anaona ni la kawaida tu huku, wako akina Saarela wengi.

Sura ya Hester bado tupu. Kamati inaitaka mwezi wa nane. Siwezi kuandika kwamba chama kilimuua baba kama sijui alichofanya mtu wa nyuma. Na siwezi kuandika fahari yao, nikijua.

Nijibu.

Kaarlo


Hester
30 Julai 1961

Kaarlo,

Joto. Mbu. Mama yako sijui hali yake, utaona chini kwa nini.

Nilitaja saba. Vilikuwa vinane.

Yule mfupi aliteleza kwenye matope, maji mpaka kiunoni, anapiga kelele kama nguruwe. Mkononi nina kijiti nimekiokota sasa hivi. Nikakichomeka kwenye buti nipate mkono wa kumvutia. Nikamvuta. Wakamcheka, na mimi nikacheka. Kijiti nikasahau. Mwisho wa njia nikahesabu vilivyo kwenye pete ya kuvibebea, saba, nikataja.

Jioni navua buti mlangoni kwa sauna, kikaanguka. Hilja mke wangu kaniuliza, "Sasa unaiba vyuma?" Nikamwambia ni vya wanafunzi. "Warudishie, wasije wakasema Wafini wezi."

Asubuhi nikakitia mfukoni. Nilikuwa nimeshajua. Ndiyo ile asubuhi ya bandani. Nilisimama mlangoni, mkono mfukoni, nimekishika. Yule mfupi anasema turudi chini. Neno moja tu kutoka kwangu, wangerudi, au hata wasingerudi, wangeongeza futi mia kwenye karatasi, yakaisha. Pampu bado zinapiga.

Kwa nini sikusema. Woga, ndiyo. Hester kibarua wa Kifini alikuwa anafukuzwa kwa kukohoa. Lakini si woga peke yake, nakwambia lote. Walipofunga, Pruett alinipa chupa ya bia. Kaniambia, "Kunywa, ndugu Saarela, na wewe umo." Miaka kumi na tano pale, hakuna mtu wa tai aliyewahi kunipa hata maji. Nikanywa. Nikafurahi. Nilifurahi mpaka nyumbani.

Kijiti nilikitupa shimoni, pampu zilipozimwa.

Halafu Vilho akahamishiwa njia ile mpya. Nilijua? Nilijua inaelekea ngazi ya tatu. Nikajiambia futi tisini ni nyingi, wakubwa wana akili, watatoboa tundu la kupima kwanza. Hawakutoboa. Walikuwa na ramani.

Hilja nilimwambia siku ya maji. Hakunitukana. Kesho yake Jumamosi kanivalisha koti, kanipa shoka, kanisukuma kwa mama yako. Na Jumamosi iliyofuata. Miaka kumi na tatu mpaka akafa, na alipokufa nikaendelea, nisingejua pa kwenda. Wewe ulidhani ni upendo. Upendo ulikuwepo. Lakini si wenyewe ulioshika shoka.

Ulipouliza nilitaka kuichoma barua yako. Hiyo ya Machi niliyokwambia chama kimemuua, nilipoiandika niliiamini. Nimeisema kichwani miaka mingi mpaka ikawa kweli. Ni nusu.

Jumapili iliyopita nikaenda kwa mama yako. Alikuwa anamenya viazi.

"Aune, weka kisu."

"Kwani kinakutazama? Sema."

Nikasema. Kijiti, bia, yote. Aliendelea kumenya. Viazi vikaisha, akaanza kuvimenya vilivyomenywa. Halafu kaniuliza, "Miaka kumi na saba umekula mezani kwangu?"

"Nimekula."

"Na bado ukawa unalalamika chumvi."

Ndipo akaweka kisu.

"Toka, Urho. Kuni nitapasua mwenyewe."

Nikatoka. Sasa hakuna wa kumficha, kwa hiyo andika. Andika majina mawili, langu na la Pruett. Mimi nilipoteza, yeye aliliona pengo akalifunika. Jina moja bila la pili ni uongo mpya, na sisi tuna wa zamani unatutosha. Usinionee huruma. Yeye pia usimwonee.

Urho


Chuo cha Migodi
21 Oktoba 1961

Baba mkubwa,

Natumaini hali ni nzuri. Mama ameniandikia mistari mitatu, hakukutaja.

Nimekutumia kitabu kwa posta, na kingine nimempelekea mama. Hester iko ukurasa wa thelathini na nne. Kabla hujakifungua soma hii.

Niliandika ulivyosema. Majina yote mawili. Kamati ilikuwa watu wanne, Pruett katikati. Aliisoma sura taratibu, akailaza mezani. "Una mkono wa kuandika, kijana," kasema. "Lakini huyu kibarua jina lake liko kwenye daftari, idadi ya vijiti iko kwenye daftari. Huo ushahidi. Mimi kuambiwa turudi chini, ushahidi uko wapi? Waliokuwepo wamekufa. Kabaki mzee mmoja aliyekunywa bia."

Mwingine kadakia, "Na bia yenyewe yetu." Wakacheka.

Nikawaambia penseli ni yake, futi nane, futi nane. Kasema vijana wote wana mwandiko mmoja. Nikamwambia yule kibarua ni baba yangu mkubwa, na katika wale saba mmoja ni baba yangu. Nilifikiri sasa wataiacha sura kama ilivyo. Pruett akainuka, akazunguka meza, akaniwekea mkono begani. Kasema, "Mwanangu, hapa una ndugu mia nne. Wote wameshawahi kukutana na jambo gumu. Hakuna aliyemtupa mwenzake nje."

Akanipa kalamu.

Wamelitoa jina la Pruett. Wameandika kibarua U. Saarela alipoteza hesabu, na wanafunzi hawakuwa na njia ya kujua. Nimetia saini. Jina langu liko mbele ya kitabu.

Habari ya baba imo, na majina ya wale saba yamo, kwa mara ya kwanza mahali popote. Nilijiambia nusu ni bora kuliko kukosa. Chuo nimemaliza, Jumatatu naondoka kwenda Arizona, kwenye mgodi wake. Anwani nitatuma.

Nilitaka uisikie kwangu.

Kaarlo


Hester
26 Novemba 1961

Kaarlo,

Theluji imefika magotini. Mimi mzima. Reli tumeongezewa mtu, Mkroeshia, anaimba vibaya ila ana nguvu.

Kitabu kilifika. Karatasi nzuri.

Mama yako alikuja Alhamisi. Tangu Julai hakuwa amekanyaga kwangu. Kitabu kakifunga kwenye gazeti, kakibana kifuani kama kuku. Skafu hakuvua. Unajua Kiingereza hasomi, anasoma Kifini tu.

"Nisomee," kaniambia. "Kwa majirani siendi, wana midomo. Kwa kasisi siendi, atanihurumia."

"Aune, mimi nasoma polepole."

"Nina haraka ya nini mimi?"

Tukakaa. Kahawa hakutaka. Nikafungua ukurasa wako. Majina ya wale saba nikamsomea, la Vilho akanirudisha, nikalisoma tena. Jina langu na kosa langu nikasoma kama lilivyo, sikuruka. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikafika pale. Pale panaposema wanafunzi hawakuwa na njia ya kujua. Niliyaona maneno, kidole changu kiko juu yake. Nikasoma hivi: Loring Pruett aliliona pengo, akaambiwa na mwenzake warudi wakapime, akakataa, akaligawa kwa penseli.

Mama yako kanishika mkono. "Mwanangu kaandika hivyo? Na wakubwa wake wakimtazama?"

"Kaandika."

"Jina lote?"

"Jina lote."

Akakichukua kitabu, akapitisha kiganja juu ya ule ukurasa. Halafu kasema, "Basi Vilho ana mtoto." Akalia. Tangu siku walipoufunga mdomo wa shimo sikuwahi kumwona akilia. Akakifunga tena kwenye gazeti, akatoka. Naona kutoka dirishani anakionyesha kwa yule mama wa duka la nyuzi, anamwekea kidole mahali pasipo na jina la Pruett.

Uongo wa kwanza nilimwambia Aune kwa ajili yangu, na nimeulipia. Huu wa pili ni wako. Njoo uuchukue mwenyewe.

Urho Saarela